Ndama Dume na Fungu Lake

Wasomaji wetu waliohudhuria Sikukuu ya Mavuno mwaka jana watakumbuka mnada uliofanyika nje ya kanisa baada ya Misa. Palikuwa na mahindi, mikungu ya ndizi, mayai, kuku wanne waliofungwa miguu, na boga moja kubwa lililonunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu, kama ilivyo desturi yetu. Palikuwa pia na ndama dume wa Friesian, mweusi mwenye baka jeupe usoni, aliyeletwa kwa baiskeli ndani ya gunia, kichwa kikiwa nje. Alikuwa sadaka ya shamba la maziwa lililo jirani nasi. Tulipiga makofi. Mzee mmoja wa mtaa alimnunua kwa bei isiyofika ya majogoo wawili, akamfunga kwenye mwembe nyuma ya sakristia mpaka apate gari la kumchukua. Gari halikupatikana siku ile wala kesho yake. Jumanne asubuhi mtunza kanisa alimkuta ndama amekufa, na mbele yake rundo la majani mabichi ambayo watoto wa shule ya Jumapili walimkatia kwa huruma.

Hatukusema neno. Lakini wiki ile ile ndugu mmoja wa mtaa wetu, ambaye kazi yake ni kukamua katika shamba lile, alimjia Padre na kumwuliza swali, akampa ruhusa ya kulileta mbele ya darasa la Biblia la Alhamisi bila kutaja jina lake. Alisema hivi: "Padre, yule ndama alizaliwa Ijumaa, nanyi mkamwuza Jumapili, naye hakuwa ameonja ziwa la mamaye. Kwetu dume hanyweshwi. Mimi ndiye niliyeambiwa nisimnyweshe, nami sikumnywesha. Sasa nataka kujua: dhambi hii ni yangu, au ni ya tajiri, au si dhambi kabisa kwa kuwa huyu ni mnyama?"

Padre alimjibu, "Mwanangu, hayo ni maswali matatu, nami leo sina jibu hata la moja." Ndipo darasa lilipokaa Alhamisi tano kulizungumza jambo hili, nasi tumeombwa kuyaandika yaliyosemwa, pamoja na maoni yetu wenyewe pale ambapo darasa halikupatana.

Kwa wale wasiofuga, yafaa tueleze kwanza. Ng'ombe hatoi maziwa kwa sababu ni ng'ombe. Hutoa maziwa kwa sababu amezaa. Shamba la biashara hutaka kila ng'ombe azae kila mwaka, au karibu na hapo. Hubeba mimba miezi tisa na siku chache, hukamuliwa yapata siku 305, kisha huachwa akauke kwa siku 60 hivi ili kiwele kipumzike kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo miezi miwili au mitatu baada ya kuzaa hapana budi apandishwe tena, na mara nyingi hupandishwa kwa mrija, kwa mbegu zilizohifadhiwa ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wako ng'ombe wenye wajukuu ambao hawajapata kumwona dume. Kituo cha mbegu cha Kabete nchini Kenya kilianzishwa mwaka 1946, na kwetu Tanzania kiko kile cha Usa River, Arusha. Fahali mmoja katika vituo kama hivyo aweza kuwa baba wa maelfu ya ndama.

Sasa, kwa utaratibu wa Muumba, karibu nusu ya ndama wanaozaliwa ni madume. Jike ni mtamba wa kesho, hutunzwa kama yai. Dume je? Hahitajiwi kupanda, maana fahali yuko chupani. Kuhusu nyama, ni kweli kwamba dume wa Friesian akilishwa vizuri hutoa nyama nzuri, lakini ataka mwaka mmoja na nusu au miwili ya majani, pumba na mashudu, na mwenye shamba la maziwa huona afadhali pumba hizo azile yule anayejaza ndoo. Ndiyo maana katika mashamba mengi, makubwa na madogo, ndama dume huuzwa akiwa na siku chache tu, au huchinjwa, au huachwa hivi hivi. Jambo hili si la shamba jirani peke yake, wala si la Afrika peke yake. Mwaka 1996, wakati ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipoharibu soko la nyama huko Ulaya, Jumuiya ya nchi za Ulaya ilianza kuwalipa fedha wenye kuchinja ndama wachanga ili nyama isizidi sokoni. Wajerumani wakayaita malipo hayo malipo ya Herode. Sisi tunaoadhimisha Watoto Watakatifu kila tarehe 28 Desemba tuliguswa kusikia jina hilo, ingawa mmoja wetu alisema, na kwa haki, kwamba watoto wa Bethlehemu hawafai kulinganishwa na ng'ombe.

Katika Alhamisi ya pili mzee mmoja aliyezaliwa Ugogo ndiye aliyetufungulia jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelifikiri. Alisema kwamba ng'ombe wa asili, wale wenye nundu, hateremshi maziwa asipomwona ndama wake. Utaketi na kibuyu chako mpaka jua liwake, hupati kitu. Ndipo ndama huletwa, hunyonya kidogo, maziwa yakaanza kushuka. Halafu hufungwa karibu na mguu wa mbele wa mamaye, mama humlamba, na mtu hukamua. Akiisha kukamua humwachia ndama fungu lake. Ndama alikuwa ufunguo wa kiwele. Akifa ndama, maziwa nayo yamekwisha. Huko Sudan ya Kusini, kwa Wanuer, ndama akifa ngozi yake hujazwa majani na kuwekwa mbele ya mamaye, ili apate kudanganyika na kuteremsha maziwa. Padre aliyakumbuka mara moja yale yaliyoandikwa katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 6, juu ya ng'ombe wawili wenye kunyonyesha waliofungwa gari lenye Sanduku, ndama wao wakafungiwa nyumbani. Nao wakaenda njia nzima wakilia. Mwandishi angaliweza kuuacha mlio ule, lakini ameuandika. (Kweli pia ni kwamba walipofika walichinjwa na kutolewa sadaka. Maandiko hayakuandikwa ili kutupendeza sisi.)

Basi ng'ombe wa Ulaya alifanywaje? Wafugaji wa kule, kizazi baada ya kizazi, waliwachagua wale waliokubali kuteremsha maziwa kwa mkono wa mtu, na baadaye kwa mashine, pasipo ndama; na wale waliokataa hawakupata nafasi katika zizi. Walichagua vilevile wingi wa maziwa. Ndivyo alivyopatikana ng'ombe ambaye akitunzwa vizuri hutupa lita 15 au 20 kwa siku, wakati yule wa babu zetu hutoa lita moja, mbili, au tatu. Hatulaumu. Watoto wengi wamekua kwa maziwa hayo, na wengi wenu mmelipa ada za shule kwayo. Lakini ni lazima tuone kilichotendeka: katika kumchagua ng'ombe asiyemhitaji ndama wake, tulimfanya ndama awe kiumbe asiye na kazi duniani. Tulimwuliza mzee kama watu wa zamani walikuwa wema kuliko sisi. Akacheka. "Wema? Tulimhitaji," akasema. "Asiyehitajiwa ndiye anayeupima wema wa mtu, na sisi hatukuwa na kipimo hicho."

Maneno hayo yalitukaa mioyoni, nayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye swali la tatu la ndugu yetu, la kama hii ni dhambi kabisa. Wapo waliosema kwamba Mtakatifu Paulo amekwisha kulimaliza. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anaitaja ile sheria ya Torati inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kisha anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, au anasema hayo kwa ajili yetu. Wasomaji wa haraka huona kwamba amejibu: ng'ombe si kitu. Sisi hatuoni hivyo. Paulo anataka kuonyesha kwamba mhubiri wa Injili apaswa kula kutokana na kazi yake, naye anapanda kutoka dogo kwenda kubwa: ikiwa sheria humpa hata ng'ombe fungu lake, si zaidi sana mtu? Ukiiondoa haki ya ng'ombe, ngazi aliyoipanda Paulo imekosa kipago cha chini, naye hawezi kupanda. Bwana wetu naye alipobishana juu ya Sabato (Luka 13 na 14) aliwauliza watu kama hawamfungui ng'ombe wao kwenda kumnywesha, au hawamtoi akitumbukia kisimani. Hakuwafundisha kufanya hivyo. Alijua kwamba wanafanya, na kwamba mtu asiyefanya angeona haya mbele za watu. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Basi hatuwezi kusema kwamba jambo hili liko nje ya haki.

Kijana mmoja wa kwaya, ambaye anasoma chuo, alileta hoja iliyotusumbua Alhamisi nzima. Alisema, ndama huyu asingalizaliwa kamwe kama si biashara ya maziwa. Uhai wake wote, hata wa siku nne, amepewa na shamba. Mtu aliyepewa siku nne za bure atamdai nani siku ya tano? Hoja hii ni kali kuliko inavyoonekana, wala haifai kuitupa kwa hasira. Lakini tuigeuzeni. Baba aliyezaa mtoto hawezi kumnyima chakula kwa kusema, "Bila mimi hungekuwapo." Kule kumleta duniani ndiko kunakomfunga baba, wala hakumfungui. Kijana akajibu kwamba mtoto ni mtu. Ndiyo, na sisi hatusemi kwamba ndama adai yote anayodai mtoto. Twasema tu kwamba kumleta kiumbe duniani hakumpi mtu ruhusa ya kumtesa. Kama kunatoa chochote, kunatoa deni. Shamba ndilo lililomtaka mamaye apandishwe. Ndama hakuja kwa bahati.

Kisha lipo lile neno linalosemwa mazizini: "Mimi sikumwua, amekufa mwenyewe." Sisi Waanglikana hatuna nafasi ya kujificha hapo. Katika maungamo ya Kitabu cha Sala, yale tuliyoyaacha bila kuyatenda hutajwa kwanza, kabla ya yale tuliyoyatenda. Tumeyasema maneno yale mara nyingi kiasi kwamba hatuyasikii tena. Wala hatusemi kwamba kuchinja ni dhambi. Tunakula nyama, na kuku wanne wa mnadani wote waliliwa kabla ya Jumatano. Lakini kisu huchukua muda mfupi, na njaa huchukua siku nne. Ndugu yetu mkamuaji alisema kwamba lau angaliamriwa kumchinja angalilala usiku. Kisichomlaza ni kupita kila asubuhi na ndoo iliyojaa mbele ya kiumbe kinachomfuata kikitaka kumnyonya kidole. Darasa liligawanyika hapa: wengine waliona kwamba kumchinja mchanga kama yule ni ukatili tu wenye haraka. Sisi tunaoandika twaona kwamba kama ni lazima kuchagua, kisu ni bora kuliko njaa, nasi hatufurahii kusema hivyo.

Lakini je, ni lazima kuchagua? Tufanye hesabu. Ndama wa Friesian huzaliwa na uzito wa kilo 40 hivi, naye huhitaji maziwa ya sehemu ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani lita 4. Akinyweshwa siku 60 atakuwa amekunywa lita 240. Mamaye, tuseme ni ng'ombe wa wastani wa lita 12 kwa siku, katika siku zake 305 atatoa lita 3,660. Basi ndama anaomba sehemu moja katika kumi na tano ya maziwa ambayo yasingekuwapo kama yeye asingezaliwa. Sisi Wakristo tumezoea kuambiwa juu ya fungu la kumi. Ndama hafiki hata hapo.

Na kuna jambo lililotuaibisha zaidi ya hesabu. Maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa, yale mazito ya manjano tuyaitayo dang'a, hayauzwi. Kiwanda hayakubali, kwa kuwa yakichemshwa huganda. Dang'a hizo ndizo zenye kinga. Ng'ombe hampi mtoto wake kinga ya magonjwa akiwa tumboni. Humpa yote katika dang'a, na matumbo ya ndama yaweza kuipokea kwa saa za mwanzo tu. Ikipita siku moja, mlango umefungwa. Ndama wetu wa Mavuno alinyimwa kitu kisichokuwa na bei. Katika shamba lile, tuliambiwa, dang'a zinazobaki baada ya majike kushiba hupewa mbwa au humwagwa. Hapo hakuna hoja ya uchumi. Ni mazoea tu: dume hanyweshwi, basi hanyweshwi hata kile kinachomwagwa.

Tungependa kuishia hapo, tukiwa tumelikamata shamba. Lakini ndama yule alikufa mikononi mwetu. Kuanzia Jumapili asubuhi hadi Jumanne alikuwa chini ya mwembe wa kanisa, na hatua kumi kutoka pale akina mama walikuwa wakichemsha chai ya maziwa, maziwa ya shamba lile lile, kwa watu mia mbili. Tulimpa majani. Hapana mtu kati yetu, na wamo wafugaji, aliyesema kwamba mtoto wa siku mbili hali majani. Tena Mambo ya Walawi, sura ya 22, huagiza kwamba ndama akizaliwa akae siku saba pamoja na mamaye, na tangu siku ya nane ndipo aweza kukubaliwa kuwa sadaka. Tulipokea sadaka ambayo Torati yenyewe ingaliirudisha, tena tukaipigia makofi.

Kwa hiyo, tulipomjibu ndugu yetu juu ya swali la dhambi ni ya nani, hatukuweza kumwambia kwamba ni ya tajiri peke yake, wala hatukumwambia kwamba yeye ni safi kwa kuwa aliamriwa. Ana watoto watano, na kazi nyingine hana. Padre alimwambia kwamba aliyebeba sehemu ndogo ya mzigo ndiye aliyekuja kuungama, na sisi wenye sehemu kubwa tulikuwa tukisubiri kuona atasema nini.

Wengine wamependekeza kwamba jibu limo katika ufundi mpya. Siku hizi ziko mbegu zilizochujwa kwa jinsia, ambazo katika ndama kumi huleta majike tisa hivi. Twalikubali jambo hili kuwa jema. Ndama asiyetungwa mimba hakudhulumiwa na mtu. Lakini mbegu hizo ni ghali, hushika mimba kwa shida kidogo kuliko zile za kawaida, na hata zikifika kwetu kwa wingi bado yupo yule dume mmoja wa kumi. Swali lake ni lile lile.

Mwezi wa Januari halmashauri ya mtaa ilimwandikia msimamizi wa shamba, kwa heshima, ikimwomba mambo mawili: kwamba kila ndama anywe dang'a, na kwamba asitoke zizini kabla ya siku ya nane, awe anakwenda kwa mchinjaji au kwa mfugaji au kanisani. Tulitazamia kukaripiwa. Alijibu kwa barua fupi ya adabu. Dang'a atatoa, alisema, kwa kuwa hazimgharimu kitu, naye hakuwa amefikiri. Lakini baada ya siku ya nane hawezi kuendelea kuwalisha madume, kwa bei anayolipwa kwa lita. Na kwa kuwa kanisa limeonyesha kuwajali, yu tayari kutupa sisi madume wote wa shamba lake, bure, wapata ishirini kwa mwaka. Tulee wenyewe, tuwauze maksai wa jembe au nyama, faida iwe yetu.

Barua hiyo ilisomwa katika halmashauri na kukawa kimya kirefu. Mabingobingo yapo bondeni, na banda laweza kujengwa. Linalotushinda ni lita 4 kila siku kwa kila ndama kwa muda wa miezi miwili. Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama alisema kwamba watoto wa chekechea ya kanisa hunywa uji usio na tone la maziwa, na kwamba yeye hawezi kupita mbele yao na ndoo akienda kumnywesha ng'ombe. Yaani neno lile lile la mkamuaji, kwa upande wa pili. Mzee wa Ugogo alisema ndama aweza kuanza kuonja pumba laini tangu wiki ya pili na kupunguziwa maziwa kidogo kidogo, na kwamba tuanze na wawili, si ishirini. Mtu mmoja alipendekeza maziwa ya chai ya Jumapili yawekwe akiba. Hatukupiga kura. Halmashauri itakutana tena Jumapili ya pili ya Kwaresima baada ya Misa ya pili, ukumbini, na kila mshiriki aweza kuja kusema. Chai siku hiyo itakuwa ya rangi.